Masikio ya Fundi wa Ibighi

Gari likifika kwake, kwanza alimnyamazisha mwenye gari. Hakutaka kuambiwa linazimika wapi, linakatakata lini, wala fundi gani alishalichokonoa kabla yake. Aliinua kiganja kilichojaa grisi akasema, "Usinitajie ugonjwa. Acha liseme lenyewe." Kisha aliingia ndani, akawasha redio ya gari, akaizungusha kwenye mawimbi ya kati hadi mahali pasipo na stesheni, akafungulia sauti mpaka mwisho. Ukabaki mkoromo mtupu. Hapo ndipo aliposema, "Haya, washa."

Wateja wageni walidhani wamepelekwa kwa mganga. Hata mimi nilidhani hivyo, tena mimi ni mwalimu wa fizikia, mambo hayo nayafundisha ubaoni kwa chaki za rangi. Nilikuwa nimehamishiwa Tukuyu kutoka Singida, nikaja na gari langu dogo la zamani, la kabureta. Kwetu kwenye ukame halikuwahi kunisumbua. Huku halikumaliza wiki bila kuniacha njiani. Tukuyu hapakauki: mvua ikiacha, ukungu unapokea zamu, na gari la zamani linachukia unyevu kama paka. Mafundi watatu walishanibadilishia vifaa ambavyo havikuwa na kosa lolote. Wa nne akaniambia, kwa uchovu wa mtu aliyeshindwa, "Mama, lipeleke kwa mzee wa redio, pale Ibighi."

Alilisikiliza kama dakika mbili, amefumba macho, mkono mmoja juu ya dashibodi. Juu ya ule mkoromo redio ilitoa tak-tak-tak, na nilipokanyaga mafuta ile tak-tak ikakimbia pamoja na injini. Akatoka, akafungua boneti, akaonyesha waya wa plagi ya tatu kwa bisibisi yenye mpini wa mbao. "Huyu," akasema. Waya ulikuwa na ufa mwembamba upande wa chini, ambao sikuuona mpaka aliponimulikia tochi. Kila penye unyevu umeme ulikuwa unavuja hapo, na injini inakosa cheche.

Nikamweleza, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, kwamba cheche ikiruka hutupa mawimbi hewani, na redio huyadaka.

"Gwe mwalimu," yaani wewe mwalimu, akasema, "kumbe ulikuwa unajua. Na bado ukahangaika wiki sita?"

Ndivyo tulivyoanza.

Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani yake: gari lilikuwa gali, redio ilikuwa ledio. Sitamwandika hivyo hapa. Watu hucheka wakisoma, na yeye hakuwa mtu wa kuchekwa.

Banda lake lilikuwa mabati matano juu ya nguzo za mikaratusi, migomba nyuma, barabara mbele. Kwa magari yasiyo na redio alikuwa na yake, iliyotolewa kwenye gari bovu, akaifungia ndani ya kisanduku cha mbao na kuitilia antena ya waya wa shaba. Alitembea nayo kwapani. Jumapili tu ndiyo aliiacha nyumbani, na mkewe alikuwa akicheka kwamba njia nzima ya kwenda kanisani mzee hajui aweke wapi ule mkono.

Alikuwa na hasira za karibu. Mfanyabiashara mmoja wa Kiwira aliongea na simu wakati Fundi anasikiliza. Fundi akazima injini, akachomoa funguo, akazirusha migombani. "Ukimaliza kuongea, kazitafute." Yule bwana akaingia migombani na viatu vyake vya ngozi, akazitafuta. Mwezi uliofuata alirudi, na safari hiyo alikaa kimya kama yuko kwenye ibada. Fundi huyohuyo hakuweza kumfukuza kuku. Kuku wa jirani alipoamua kutagia ndani ya tairi alilozoea kukalia, Fundi alifanya kazi akiwa amesimama kwa wiki tatu, na ole wako umguse huyo kuku.

Hakuwahi kumiliki gari na hakujua kuendesha. Nilimuuliza sababu. Alisema angekaa kwenye usukani angeanza kusikiliza, halafu angeingia korongoni. Muziki ndani ya gari aliuchukia, akasema unaziba pua ya redio, lakini kwaya ya kanisani ilikuwa na sauti yake ya besi kwa miaka mingi na kuna wimbo wa Pasaka ambao bila yeye haukuanza. Magari mapya ya kompyuta aliyatazama kwa huzuni. "Haya yamefundishwa adabu," alisema. "Yanaumwa kimyakimya. Redio haina adabu, ndiyo maana naiamini."

Siku moja nilimwalika darasani. Alikuja amevaa suti ya harusi yake, ya kahawia, mabega yamepwaya. Akaweka kisanduku chake upande mmoja wa darasa, upande mwingine akafunga koili na plagi kwenye betri. Akagusisha waya. Plagi ikatoa cheche ndogo ya bluu, na kule upande wa pili redio ikasema tak. Hakuna waya kati yao. Wanafunzi wakanyamaza. Akagusisha tena, tak. Nilikuwa nimefundisha mada ile miaka saba, na sikuwahi kuona darasa likinyamaza vile. Msichana mmoja aliuliza amesomea wapi. Fundi akajibu, "Sijasoma. Nimesikiliza." Nilimwonea wivu siku ile, nakiri.

Mkewe nilimwita juba, yaani mama, kama nilivyoelekezwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu, na Kinyakyusa changu kilikuwa hicho hicho cha salamu. Tulielewana kwa vikombe vya chai ya tangawizi na kwa kucheka. Nikikaa bandani kusubiri gari, aliniletea ndizi za kuchoma zikiwa bado zinafuka moshi, akasimama mpaka nile ya kwanza. Mumewe alimtaja kwangu kwa namna moja tu: "Huyu ndiye asiyekuwa na kelele." Kutoka kwa mtu wa kazi yake, nilielewa ni sifa kubwa kiasi gani.

Sasa niseme habari za masikio yake.

Sijui yalianza lini. Najua nilipoona mimi. Gari la muuguzi mmoja lilikuwa bandani, redio inapiga tak-tak waziwazi, hata kuku alikuwa anaisikia. Fundi amefumba macho, mkono juu ya dashibodi. Akafumbua, akanitazama mimi, akamtazama muuguzi, akasema, "Limetulia. Safi." Muuguzi akanitazama. Akamwambia, "Ndaga fijo, Fundi," asante sana, akaondoka, na nilipopita baadaye nililiona gari lake kwa fundi mwingine, yule wa karibu na kituo cha mafuta.

Kumbe wote walikuwa wanafanya hivyo. Huo ndio uungwana wa mji wetu, na hadi leo sijui niuite nini. Watu waliendelea kupeleka magari kwa Fundi, wakasubiri asikilize, wakamshukuru, kisha wakakata kona na kwenda kutengenezewa kwa mwingine. Fundi wa kituo cha mafuta naye alikuwa sehemu ya mpango. Akimaliza alimwambia mwenye gari, "Ukikutana na mzee mwambie limepona." Na walimwambia. Kanisani nako besi yake ilianza kupotea njia, ikawa inaingia pigo moja nyuma ya wenzake. Badala ya kumwambia, wakamchagua kuwa mlezi wa kwaya, akawekwa kiti cha mbele, akashonewa na joho. Alifurahi sana. Nilihudhuria ibada ile na nikapiga makofi.

Ningeweza kumwambia. Mimi ndiye niliyekuwa karibu, na mimi ndiye mgeni, mtu wa kuja ambaye angesamehewa kukosa adabu. Hospitali ipo, pengine wangemsafisha masikio, pengine wangempa kifaa, sijui. Nilijiambia ni mzee, ana heshima yake, kazi hii ndiyo yeye, nikimwondolea nitamwachia nini? Maneno mazuri sana. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

Kisha juba akaugua moyo. Alivimba miguu, akawa hawezi kulala chali, pumzi inakatika akienda tu mpaka jikoni. Hospitali ya hapa wakamwandikia rufaa kwenda Mbeya, aende siku ileile. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mgonjwa mwingine. Fundi akaja shuleni kwa miguu, akanisubiri chini ya paa la ofisi mpaka nilipotoka darasani. Hakuomba kwa maneno mengi. "Mwalimu, gari lako," akasema. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, tukaenda.

Dada mkubwa wa juba alitangulia na basi akashike foleni hospitalini, kwa sababu mgonjwa alihitaji kiti chote cha nyuma. Watoto wao wako mbali, mmoja Dar, mmoja migodini. Tukamlaza juba kwenye mito na blanketi. Nilipokwisha kaa kwenye usukani, Fundi akasema, "Ngoja. Kwanza nilisikilize." Akafungulia redio.

Ilikuwa inapiga. Tak-tak-tak, nzito, ya kifuniko kilichopasuka cha distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi. Niliitambua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuitambua. Nje kulikuwa na mvua nyembamba ya asubuhi, na mlima wa baada ya Kiwira nilijua uko ndani ya ukungu. Fundi akafumbua macho, akanitazama. Mke wake yuko nyuma anatusikia, majirani wako dirishani. Nikautuliza uso wangu kama nilivyozoea. Nikajiambia gari limepanda mlima ule mara ngapi na kelele zake, leo nalo litapanda, kesho nitalipeleka kituo cha mafuta.

"Safi," Fundi akasema. "Twende."

Lilizimika kwenye mteremko, hapana, kwenye mpando, kupita Kiwira, mahali ambapo barabara imebanwa na miti na huoni hatua ishirini. Mvua ilikuwa imekuwa mvua hasa. Nilipiga stata mpaka betri ikaanza kulegea. Kiti cha nyuma juba alikuwa akisema polepole, kwa Kinyakyusa, na Fundi pale mbele akawa anaitikia kwa kichwa, "ee, ee." Nilijua wanazungumza. Nikaona aibu kukaa kati ya mtu na mkewe, nikajishughulisha na funguo.

Akashuka. Nikamshikia mwavuli. Alivua shati akafuta waya mmoja mmoja, akafungua kifuniko, akavua na fulana akakifuta. Basi likasimama, kondakta akachungulia akauliza kama tuna mgonjwa, kuna nafasi. Fundi akampungia mkono aende. "Dakika mbili tu, linawaka hili." Nikamwangalia kondakta, kondakta akaniangalia mimi. Ningesema neno moja tu. Mzee wa watu, mvuani, kifua wazi, mbele ya mkewe, nimwambie hawezi? Basi likaondoka.

Tulirudi ndani kujaribu tena. Juba alisema kitu kilekile, au kilichofanana nacho, mara tatu nadhani, sauti yake iko chini sana. Fundi alinyoosha mkono nyuma akamshika kidole, akawa anaitikia kwa kichwa. Baada ya muda mrefu pikapu ya watu wa mashamba ya chai ikafika, wakawachukua wote wawili. Mimi nilibaki na gari. Mvua ilipopungua, baada ya kama saa moja hivi, nikajaribu stata bila matumaini yoyote, likawaka mara ya kwanza. Nilikuwa bado nimeushikilia usukani, gari likinguruma, nilipopigiwa simu na dada yake juba. Juba alikata roho kabla hawajafika Uyole.

Nilizika pamoja nao kijijini kwao Lufingo, nikapika, nikaosha vyombo siku tatu. Watu walinishukuru kwa kutoa gari. Fundi alinishukuru pia, mbele za watu, na mimi nikasema, "Ndaga, baba." Baada ya hapo nilianza kupita njia nyingine. Banda la Ibighi alilifunga, akarudi kwenye shamba lake Lufingo. Nilisikia habari zake kwa watu: haongei sana, ndizi zake zimestawi, sasa hasikii kabisa na hajifichi tena. Gari nililiuza. Miaka minne ikapita hivyo, mimi na yeye tuko kilometa chache tu, na Tukuyu ni ndogo.

Mwezi uliopita barua ya uhamisho wangu ilitoka. Nikaona siwezi kuondoka hivi. Niliandika kila kitu kwenye daftari, kwa mwandiko wa ubaoni, kwamba nilisikia, kwamba nilijua ni kifuniko, kwamba nilinyamaza asubuhi ile na nikanyamaza tena basi liliposimama. Nikapanda bodaboda hadi Lufingo.

Nilimkuta amekaa mlangoni anamenya maharage. Alikuwa amekonda, na shingo yake ilikuwa imepwaya ndani ya kola. Aliponiona alisimama kwa shida, akanishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia. Nilimpa daftari kabla hatujakaa. Nilijua nikikaa sitampa.

Alivaa miwani, akasoma. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Nilikuwa natazama maharage.

"Mwalimu," akasema, "nami siku ile sikusikia kitu."

Nikaitikia kwa kichwa. Hilo nilijua.

"Hapana, elewa. Nilijua kwamba sisikii. Nilijua tangu mwaka mmoja kabla ya siku ile. Mlidhani mnanificha." Akavua miwani akaifuta kwa koti lake la kazi. "Nilikuwa natazama nyuso zenu. Mwenye gari akikunja uso, nasema bovu. Akitulia, nasema safi. Asubuhi ile nilikutazama wewe. Wewe unazijua zile kelele, nilikufundisha. Ukatulia. Nikasema, basi, mwalimu amesikia, liko salama."

Nililia tu pale, na yeye aliniacha nilie, akaendelea kumenya maharage mawili matatu, kisha akaacha.

"Sikulaumu," akasema. "Ningelisema mimi mwenyewe kwamba masikio yamekwisha, usingekuwa na kazi ya kuuficha uso. Niliona haya. Mke wangu anakata pumzi na mimi naona haya." Kisha akasogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakakaribiana. "Lakini nina swali. Nimekaa nalo miaka hii yote. Sikuwa na mtu wa kumuuliza bila kumwambia kwamba sikusikia, na mtu mwenyewe ni wewe peke yako. Pale mlimani, ndani ya gari. Alikuwa ananiambia nini?"

Nikamtazama.

"Nilikuwa naitikia tu," akasema. "Ili asiogope. Sikupata hata neno moja. Aliona midomo yangu inasema ee, akadhani nimesikia. Alisema nini, mwanangu?"

Nilichukua kalamu. Sauti yake ninayo, ninayo hadi leo, ile ya chini, yenye subira, na jinsi ilivyopanda kidogo mwishoni kila aliporudia. Maneno sinayo. Nimekaa wilaya hii ya Rungwe miaka kumi na mmoja, nimekula ndizi zao, nimefundisha watoto wao, na lugha yao niliijua kwa kusalimia na kushukuru. Niliandika: *Alisema kwa Kinyakyusa. Nilisikia, ila sikuelewa. Nisamehe, baba.* Nikamgeuzia daftari.

Alisoma, na nikaona kitu fulani usoni pake kikiondoka. Jogoo alipita kati yetu akadonoa ganda la haragwe.

"Basi hata sauti," akasema mwishowe. "Sauti uliisikia. Alikuwa ananigombeza?"

Niliandika: *Hapana.*

"Alikuwa analia?"

*Hapana. Alisema kwa upole.*

Na hilo lilikuwa kweli, lilikuwa jambo pekee nililokuwa nalo la kweli. Alilisogeza daftari karibu na miwani, akalipeleka mbali, akalileta tena karibu. Macho nayo yameanza kumwacha. Akanirudishia, na kidole chake kikaonyesha lile neno la mwisho.

"Liandike kubwa," akasema.

Nikafungua ukurasa mpya, nikaliandika kubwa, likajaza ukurasa wote.